Neno Likihama, Funzo Likibaki: Historia ya Maana katika Semi Kongwe za Kiingereza

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna maana za baadhi ya semi kongwe za Kiingereza zilivyobadilika tangu karne ya 16 hadi karne ya 20. Hoja yake kuu ni kwamba chimbuko la usemi na maana ya usemi ni mambo mawili tofauti, na kila moja lina ushahidi wake. Kwa kufuatilia semi kadhaa, makala yanabainisha njia nne za mabadiliko: neno kubadilika huku funzo likibaki, funzo kubadilika huku maneno yakibaki, neno na funzo kubadilika pamoja, na neno kubaki katika usemi baada ya maana yake kufa kwingineko. Aidha, yanajadili hadithi za chimbuko zinazobuniwa baadaye na athari zake kwa watumiaji. Mwishoni, makala yanaeleza funzo la historia hiyo kwa uandishi wa kamusi za methali za Kiswahili na kwa ufundishaji wake.

1. Utangulizi

Msomaji wa Afrika Mashariki anapokutana na methali ya Kiingereza, mara nyingi huikuta darasani au kamusini ikiwa imekwisha kupewa maana moja. Mpangilio huo humfanya aone kana kwamba methali ilizaliwa na maana hiyo, na kwamba kazi ya msemaji ni kuikariri tu. Historia ya Kiingereza chenyewe haithibitishi dhana hiyo. Semi nyingi zinazochukuliwa leo kuwa urithi usiobadilika zimepitia mikono mingi, na baadhi yake zinatumiwa kwa maana ambayo wasemaji wa kale wasingeitambua.

Ushahidi wa safari hiyo ni mwingi kwa sababu Waingereza walianza mapema kukusanya semi zao. John Heywood alichapisha mwaka 1546 kitabu cha mazungumzo kilichofumwa kwa methali. William Camden aliingiza orodha ya methali katika matoleo ya baadaye ya kitabu chake kuhusu mambo ya kale ya Uingereza. John Ray, mwanasayansi wa mimea, alitoa mkusanyiko wake mwaka 1670. Katika karne ya 20, kazi ya Morris Palmer Tilley ya mwaka 1950 iliwawezesha watafiti kulinganisha matumizi ya karne ya 16 na ya 17 kwa tarehe. Kwa hiyo si lazima mtafiti abahatishe: anaweza kuona usemi ulivyoandikwa mwaka fulani, kisha akautazama tena baada ya miaka mia.

Tahadhari moja inahitajika tangu mwanzo. Tarehe ya maandishi ya kwanza haiwi tarehe ya kuzaliwa kwa usemi. Inathibitisha tu kwamba kufikia wakati huo usemi ulikuwapo. Vilevile, kujua mahali usemi ulipotoka hakutoshi kutuambia una maana gani kwa anayeutumia leo.

2. Hadhi ya semi katika jamii ya Waingereza

Mabadiliko ya maana hayaeleweki vizuri bila kuangalia nani alitumia semi, na kwa heshima gani. Katika karne ya 16, methali ilikuwa pambo la msomi. Erasmus wa Rotterdam alichapisha mkusanyiko wake wa kwanza wa methali za Kilatini na Kigiriki mwaka 1500, akaendelea kuupanua hadi ukapita methali 4,000. Mwaka 1539, Richard Taverner alitoa kwa Kiingereza uteuzi wa methali hizo. Wanafunzi walifundishwa kuzikusanya na kuzipachika katika insha na hotuba zao, na waandishi wa tamthilia walijua kwamba hadhira ingezitambua mara moja.

Karne mbili baadaye hali ilikuwa imegeuka. Jonathan Swift, katika kazi yake ya mwaka 1738 kuhusu mazungumzo ya watu wa tabaka la juu, aliwadhihaki wanaozungumza kwa misemo iliyokwisha kuchakaa. Lord Chesterfield, katika barua kwa mwanawe zilizochapishwa mwaka 1774 baada ya kifo chake, alimwonya kwamba mtu wa tabaka lao hazungumzi kwa methali, kwani hizo ni alama ya mtu asiye na malezi bora. Hata hivyo, semi hazikufa. Ng'ambo ya Atlantiki, Benjamin Franklin alizieneza kupitia kalenda zake za kila mwaka, na insha yake ya mwaka 1758 iliyokusanya semi kuhusu bidii na uwekevu ilichapishwa tena na tena.

Mgawanyiko huo una umuhimu kwa mjadala wetu. Usemi ulipoacha kulindwa na shule ya Kilatini na kubaki midomoni mwa wakulima, mabaharia na wafanyabiashara, ulikosa mtu wa kuusahihisha. Kila kizazi kiliuelewa kwa kadiri ya maneno na mazingira yake.

3. Neno hubadilika, funzo hubaki

Usemi unaosema kwamba mtu ameharibu meli kwa kubania lami ya nusu peni, «spoil the ship for a ha'porth of tar», humkanya anayeponza kitu cha thamani kwa kukwepa gharama ndogo. Msomaji wa Pwani anayejua kazi ya kalafati na deheni hapati taabu kuuelewa: chombo kisichozibwa vizuri huvuja, na hasara yake huzidi mbali bei ya kizibo.

Lakini usemi huu haukuanzia bandarini. Katika Camden toleo la 1623 na katika Ray wa 1670, kinachopotea kwa sababu ya lami ya nusu peni ni «hog», neno ambalo katika lahaja za wafugaji lilimaanisha kondoo mchanga ambaye bado hajanyolewa sufu. Wachungaji walipaka lami kwenye vidonda vya kondoo ili kuzuia nzi wasitage mayai humo. Mchungaji aliyebania lami alimpoteza mnyama. Katika lahaja kadhaa za Uingereza neno la kondoo, «sheep», hutamkwa karibu sawa na neno la meli, «ship». Wasikilizaji wasiojua tiba ya kondoo, lakini waliojua kwamba lami hupakwa vyombo vya baharini, walisikia meli. Kufikia karne ya 19 umbo la meli ndilo lililoenea.

Ni rahisi kuliita badiliko hili kosa. Kwa mtazamo wa historia ya maana, hata hivyo, ni ukarabati. Jamii ilipoteza ujuzi uliobeba taswira, ikaweka taswira nyingine kutoka katika kazi iliyoijua, na funzo likabaki lilelile. Anayemsahihisha msemaji wa leo kwa kumwambia aseme «kondoo» ana haki kuhusu chimbuko, lakini hajaongeza chochote katika maana.

4. Maneno hubaki, funzo hubadilika

Hali ya kinyume inaonekana katika methali ya jiwe libingirikalo lisiloota kuvu: «a rolling stone gathers no moss». Imo katika Erasmus na imo katika Heywood. Maneno yake yamebadilika kidogo sana kwa muda wa karne nne na ushei. Katika matumizi ya kale, kuvu ya mawe ilisimama badala ya mali, mizizi na heshima ambazo mtu hupata kwa kutulia mahali pamoja. Jiwe lililokanywa lilikuwa mtu anayehamahama.

Katika karne ya 20 methali hiyohiyo ilianza kusikika pia kama sifa. Barbara Kirshenblatt-Gimblett, katika makala yake ya mwaka 1973 kuhusu nadharia ya maana ya methali, alieleza majibu ya wanafunzi wa Texas aliowaomba waifafanue. Wapo walioielewa kwa namna ya kale: asiyetulia hafiki popote. Wapo waliosema kwamba asiyetulia yu huru, habebeshwi mizigo ya mali na familia. Wengine walifikiria mashine ambayo haishiki kutu maadamu inafanya kazi. Makundi hayo hayakutofautiana kuhusu sarufi ya sentensi. Yalitofautiana kuhusu jambo moja: je, kuvu ni kitu chema au kibaya? Na jibu la swali hilo halimo katika methali. Limo katika mtazamo wa jamii kuhusu kutulia na kuhama.

Muziki ulitilia nguvu usomaji mpya. Muddy Waters alirekodi mwaka 1950 wimbo uliobeba jina la jiwe hilo, na mwaka 1962 kundi la vijana wa London likajiita The Rolling Stones kutokana na wimbo huo. Jarida la Rolling Stone lilifuata huko San Francisco mwaka 1967. Kijana aliyekutana na maneno hayo kwanza kwenye jalada la santuri hakuwa na sababu ya kudhani kwamba jiwe linalobingirika ni la kuonewa huruma.

5. Neno na funzo hubadilika pamoja

Methali ya paka aliyeuawa na udadisi, «curiosity killed the cat», hutumiwa leo kumzuia mtu, hasa mtoto, asichunguze yasiyomhusu. Mwishoni mwa karne ya 16, muuaji wa paka hakuwa udadisi. Alikuwa «care», neno ambalo wakati huo lilimaanisha majonzi na wasiwasi. Methali hiyo imo katika tamthilia ya Ben Jonson iitwayo Every Man in His Humour, iliyoigizwa mwaka 1598, na Shakespeare aliitumia katika Much Ado About Nothing, iliyochapishwa mwaka 1600. Maana yake ilikuwa kwamba huzuni inaweza kumuua hata paka, mnyama anayesifiwa kwa kuponea chupuchupu. Ilikuwa rai ya kumchangamsha mtu: usijiachie kuliwa na mawazo.

Umbo la udadisi lilijitokeza katika karne ya 19. Neno «care» lilikuwa limeelekea zaidi kwenye maana ya uangalifu na matunzo, na paka aliyeuawa na uangalifu hakuwa na mantiki. Paka anayechungulia kila pembe, kwa upande mwingine, alikuwa akionekana kila siku. Hivyo faraja kwa mwenye huzuni ikawa onyo kwa mdadisi. Katika karne ya 20 wasemaji waliongeza nusu ya pili, kwamba kuridhika kulimfufua paka huyo, na kwa kufanya hivyo wakampa mtoto aliyekatazwa jibu la kumrudishia mzee.

6. Neno hufa kwingine, hubaki katika usemi

Aina ya nne ndiyo inayozua mabishano mengi, kwa sababu maneno yanaonekana kueleweka ilhali hayaeleweki. Usemi kwamba jaribio la pudini ni kuila ulikuwamo katika Camden toleo la 1623. Pudini ya wakati huo haikuwa kitindamlo kitamu. Ilikuwa utumbo au tumbo la mnyama lililojazwa nyama, mafuta na nafaka, kisha likachemshwa, na mlaji hakuweza kujua kilichomo ndani mpaka auonje. Neno «proof» lilimaanisha jaribio, kutokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kujaribu. Maana hiyo ilipofifia na ile ya uthibitisho kutamalaki, sentensi ilipoteza mshikamano wake. Wasemaji wengi sasa husema kwa kifupi kwamba uthibitisho umo ndani ya pudini, «the proof is in the pudding». Tukiichambua neno kwa neno, kauli hiyo haina maana. Katika mazungumzo inaeleweka barabara: matokeo ndiyo yatakayosema.

Usemi kwamba hali ya pekee huthibitisha kanuni, «the exception proves the rule», una madhara makubwa zaidi, kwa kuwa hutumiwa katika hoja. Mara nyingi mtu akionyeshwa mfano unaopinga dai lake hujibu kwa usemi huu, kana kwamba kipingamizi kinaimarisha dai. Chimbuko lake ni kanuni ya kisheria ya Kilatini ambayo mizizi yake huonekana katika utetezi wa Cicero kwa Balbus, mwaka 56 KK. Baadhi ya mikataba ya Roma ilikataza waziwazi raia wa taifa fulani kupewa uraia wa Kirumi. Cicero alidai kwamba, kwa kuwa katazo hilo liliwekwa mahususi katika mikataba hiyo, pasipo na katazo ruhusa ipo. Ni sawa na tangazo dukani linalosema «Ijumaa hatufungui»: anayelisoma huelewa kwamba siku nyingine duka hufunguliwa.

Wapo wanaojaribu kuuokoa usemi huu kwa kusema kwamba «prove» hapa lina maana ya kale ya kujaribu, kama katika pudini. Maelezo hayo yanavutia, lakini hayaafikiani na kanuni ya kisheria, ambamo hali ya pekee kwa hakika ni ushahidi wa kanuni. H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, aliona haja ya kutenganisha matumizi kadhaa ya usemi huu kwa sababu yalikuwa yakichanganywa. Hapa historia ina kazi ya moja kwa moja: inamwezesha msikilizaji kutambua pale usemi wa heshima unapotumiwa kuficha hoja dhaifu.

7. Hadithi za chimbuko na athari zake

Pale maana ya usemi inapokuwa na mvutano, hadithi ya chimbuko hujitokeza ili kuutatua. «Blood is thicker than water», ambao wasemaji wa Kiswahili husikia pia kama damu ni nzito kuliko maji, hueleza kwamba undugu hushinda mahusiano mengine. Mwaka 1815 Walter Scott aliutumia kwa maana hiyo katika riwaya yake Guy Mannering. Katika miaka ya karibuni limeenea dai kwamba usemi huo umekatwa, na kwamba ulipokuwa kamili ulisema damu ya agano ni nzito kuliko maji ya tumbo la uzazi; yaani marafiki walioapizana hushinda ndugu wa kuzaliwa. Dai hili halina ushahidi wa maandishi ya kale ya Kiingereza. Jambo lililo karibu nalo ni maelezo ya H. Clay Trumbull, aliyeandika mwaka 1885 kuhusu agano la damu na kutaja wazo la Waarabu kwamba damu ni nzito kuliko maziwa, akilinganisha walioapizana kwa damu na walionyonya ziwa moja. Hilo ni wazo jingine, la lugha nyingine.

Ni rahisi kuona kwa nini dai hilo linapendwa. Mtu aliyeumizwa na jamaa zake anahitaji usemi wa kumtetea, na usemi wenye umri wa kale una uzito kuliko kauli ya jana. Haja yake ni ya kweli, na maana mpya aliyoipa methali inaweza siku moja kukubaliwa na wengi. Kisichokubalika ni kuisukuma maana hiyo nyuma hadi wakati ambao haikuwapo.

Mfano wa pili unahusu nahau «rule of thumb», yaani kipimo cha makadirio kinachotokana na uzoefu. Ilikwisha kuwa katika matumizi karne ya 17. Tangu miaka ya 1970 ilienea hadithi kwamba ilitokana na sheria ya Uingereza iliyomruhusu mume kumpiga mkewe kwa fimbo isiyozidi unene wa kidole gumba. Mwaka 1982, ripoti ya Tume ya Haki za Kiraia ya Marekani kuhusu wanawake wanaopigwa ilichukua nahau hiyo katika kichwa chake. Jaji Francis Buller alidhihakiwa na wachoraji wa vikaragosi mwaka 1782 kwa kauli ya aina hiyo aliyodaiwa kuitoa, lakini hakuna sheria ya namna hiyo iliyopatikana, na nahau ina umri mkubwa kuliko kisa hicho. Ukatili dhidi ya wake ulikuwapo, na mahakama mara nyingi ziliufumbia macho. Ukweli huo una ushahidi wake, na hauhitaji kuegemezwa kwenye nahau ya mafundi. Kinyume chake, anayetaka kuupuuza hupata kisingizio pindi hadithi ya nahau inapoporomoka.

8. Matumizi ya kila siku na funzo kwa methali za Kiswahili

Katika mazungumzo ya leo, semi za Kiingereza hazitamkwi nzima mara nyingi. Msemaji hutaja tu kwamba wapishi ni wengi mno, au kwamba ukiwa Roma, kisha hunyamaza. Msikilizaji humalizia mwenyewe. Mswahili hufanya vivyo hivyo anaposema «haraka haraka» na kuacha baraka zijitaje. Wengine huzigeuza kwa mzaha, jambo ambalo Wolfgang Mieder ameliita methali pinzani. Ukataji na ugeuzaji huo ni dalili kwamba usemi ungali hai, kwani mtu hawezi kukata wala kugeuza kitu ambacho mwenzake hakijui.

Mambo haya yana uzito kwa methali zetu. W. E. Taylor alipochapisha mwaka 1891 mkusanyiko wake wa methali za Kiswahili, aliziita katika kichwa cha kitabu «saws», neno la Kiingereza ambalo hata wakati huo lilikuwa na ladha ya ukale. Uteuzi huo ulizivika methali zilizokuwa zikitumika Mombasa vazi la mabaki ya kale. Mwelekeo huo haujatuacha. Kamusi nyingi huandika maana moja bila tarehe, bila mahali na bila mfano wa mazungumzo.

Njia nne zilizobainishwa hapa zinaweza kutumiwa kuuliza maswali mapya. «Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri» imehifadhi kitenzi -amba chenye maana ya kusema, ambacho wasemaji wengi hawakitumii tena kwa maana hiyo. Je, wanaelewa nini wanapotamka «usambe»? «Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani» inahitaji ujuzi wa sehemu za chombo. Msemaji wa bara asiyewahi kupanda jahazi huielewa kwa funzo lake, si kwa taswira, kama Mwingereza wa mjini asiyejua tiba ya kondoo. Majibu ya maswali haya hayatoki kamusini. Yanatoka kwa wasemaji wa rika na maeneo mbalimbali, kwa utaratibu kama ule uliotumiwa Texas.

9. Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba historia ya usemi ni historia ya matumizi yake yote, na kwamba tukio la kwanza ni moja tu miongoni mwa hayo. Kondoo alikuwa meli bila hasara. Jiwe libingirikalo likapata wafuasi. Paka akafa kwa sababu mpya. Pudini ikaendelea kuliwa baada ya sentensi yake kuharibika. Katika kila kisa, tarehe na maandishi vimetuwezesha kutenganisha badiliko lililofanywa na jamii na dai lililobuniwa kuhusu wakati uliopita.

Kwa mwalimu na mtungaji wa mitihani, matokeo yake ni ya wazi. Swali linalodai maana moja ya methali humpima mwanafunzi kwa kumbukumbu ya kamusi, na linaweza kumnyima alama kwa kuielewa methali kama inavyotumika kijijini au mtaani kwake. Swali lililo bora humpa mwanafunzi mazungumzo, likamtaka aeleze methali imefanya kazi gani humo. Kwa mwandishi wa kamusi, hatua ya kwanza ni ndogo: kila methali iandikiwe ilisikika wapi, lini na ikisemwa kwa nani. Bila kumbukumbu hiyo, watafiti wa karne ijayo hawatakuwa na namna ya kupima hadithi watakazosimuliwa kuhusu methali zetu.